Mafuta Vuguvugu kutoka Ruiru

Najua utasema huyu dada amekaa na kompyuta mpaka kichwa kimepata moto. Sema tu. Hata mimi ningemsikia mtu akisimulia haya, ningehama kiti. Lakini yalinipata mimi, kwangu Kiganjo, hapa Thika, na mengi yalitokea mchana jua likiwaka na majirani wakianika nguo. Sina faida yoyote ya kukudanganya. Kwanza yananiaibisha.

Na ujue hivi: mimi ni mtu wa kinyaa. Nikikuta unywele kwenye sahani, siku hiyo sili tena. Kikombe nikipewa hotelini, nakipangusa kwa kitambaa changu kabla ya kunywa, na marafiki zangu wamenicheka hadi wamechoka. Sasa jiulize, mtu kama mimi aliingiaje katika uchafu kama huu? Niliingia kwa sababu ya joto.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, mazishi, na zaidi ya zote ruracio, ile siku familia ya kijana inapokwenda kwa kina msichana kuzungumzia mahari. Watu wanataka kila kitu kiwemo, nyimbo, akina mama wakicheza, mpaka mbuzi waonekane vizuri. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili chini ya mabati. Ikifika saa sita mchana chumba kinachemka, kompyuta nayo inachemka, feni zinapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta, halafu puu, inajizima kazi ikiwa katikati. Nimewahi kulia mbele ya skrini nyeusi, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Ndipo nikaona mtandaoni watu wanaotumbukiza kompyuta nzima ndani ya mafuta. Si mchezo. Wanatengeneza tangi la kioo, wanashusha ndani bodi, kadi ya picha na vyote isipokuwa diski ya kuzunguka, wanajaza mafuta, wanawasha. Maji yangeiua kwa sababu yanapitisha umeme. Mafuta hayapitishi, yanabeba joto tu. Na kimya kilichokuwa kwenye video zile! Nilikipenda kile kimya kuliko kitu kingine chochote.

Tangi nilitengenezewa Ruiru na fundi wa vioo anayeitwa Otieno, mtu wa mzaha mwingi lakini mikono yake haikosei. Nililijaza maji siku nzima nyumbani, halikuvuja hata tone. Kosa nililifanya kwenye mafuta. Yanayotakiwa ni yale meupe yasiyooza, ambayo kwenye chemist huuzwa kwa vichupa vidogo, na mimi nilihitaji lita arobaini. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikanunua mitungi miwili ya salad, ile ya manjano ya lita ishirini ambayo wenye vibanda hukaangia chipo za viazi, nikaimwaga yote ndani.

Wiki ya tatu nyumba ikaanza kunuka. Sijui nikueleze vipi. Chukua dagaa wa omena waliosahaulika kwenye mfuko wa plastiki, uwaongezee nepi. Mafuta yalikuwa yameota ngozi juu, rangi ya usaha, na kwenye ile ngozi mende wawili walikuwa wamekwama miguu juu. Nilitia mkono mle kutoa bodi, mafuta yakanifika kwenye kiwiko, na nilipoutoa yalivutika kama makamasi. Nilitapika kwenye ndoo, nikaendelea, nikatapika tena. Siku mbili nzima nilisugua kila kipande kwa spiriti na mswaki. Mitungi nikaiosha kwa maji moto nikaiweka, maana huku kwetu mtungi mzuri hautupwi. Mmoja ulibaki na karatasi yake ubavuni, picha ya alizeti na neno salad kwa herufi kubwa, na sikuona haja ya kuibandua.

"Sister, salad ni ya chipo," Otieno aliniambia kwa simu huku akicheka. "Wewe unataka kitu clear. Kuna mzee hapa nyuma yetu tunamuita Guka. Yeye huwa na mafuta clear kama maji. Lakini usimuulize maswali mob."

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Wapo watu wanaofyonza mafuta kwenye transfoma na kuyauza, hata wakaanga chipo huuziwa, kila mtu anajua. Nikakata shauri kwamba Guka ni mmoja wa hao, au anawafichia mali yao. Na kwa kompyuta, mafuta ya transfoma ni mazuri kabisa. Dhamiri ilinisumbua kidogo, nikaiambia inyamaze, nikabeba mitungi yangu miwili hadi Ruiru.

Guka alikaa chumba kimoja nyuma ya maghala. Alikuwa mnene, na sisemi mnene wa kawaida. Alikuwa amejaa kila mahali, hadi kwenye vifundo vya vidole. Ilikuwa saa saba mchana na alikuwa kwenye kochi, amevaa sweta na blanketi magotini. Uso wake uling'aa. Chumba kilikuwa safi kuliko changu, na kila mahali kulikuwa na taulo, kwenye kochi, kwenye mto, sakafuni chini ya miguu yake. Kulikuwa na harufu fulani ambayo, Mungu anisamehe, niliipenda. Ilinuka kama utosi wa mtoto mchanga.

"Ni ya kupika?" aliniuliza hata kabla sijaketi.

"Hapana, Guka. Ni ya kompyuta."

Nikamweleza jambo lote, tangi, bodi, joto. Wazee wengi ningewaeleza hivyo wangeanza kusinzia. Yeye alisogea mbele.

"Kwa hivyo itakuwa inafanya kazi? Kila siku?"

"Kila siku, Guka."

"Haitakaa bure? Haitamwagwa?"

"Haitamwagwa."

"Basi chukua." Akaniinulia kidole. "Lakini isiingie mdomo ya mtu, umesikia, mami? Hata kidogo."

Pesa alizikataa kabisa, na mimi mjinga nikafurahi. Tulipoagana alinipa mkono, na kiganja chake kikaacha utelezi kwenye changu. Nilijipangusa kwenye jaketi mpaka stendi, nikinusa, nikijipangusa tena. Mitungi nayo, nilipoigusa kwenye mkokoteni, ilikuwa vuguvugu. Nilidhani aliiweka juani.

Wacha niseme ukweli: ile mashine ilifanya kazi ajabu. Mafuta yalikuwa maangavu hata usingejua yamo, ungeona bodi na taa zake ndogo zimesimama tu kwenye kioo. Hakukuwa na kelele. Jua liwake lisiwake, haikujizima hata mara moja. Nilimaliza kwa siku tatu kazi ya wiki mbili, nikaanza hata kuimba nikifanya kazi.

Halafu mafuta yakaanza kupungua. Hilo si ajabu, wanaojenga mashine hizi wote wanalijua: mafuta hupanda ndani ya waya, yakatokea upande wa pili. Lakini yangu yalipanda mno. Nilikuta kibodi inateleza. Nikakuta mguu wa meza umelowa, na kutoka pale mstari mwembamba umepita sakafuni ukielekea kitandani kwangu. Na asubuhi moja, kabla sijawasha kitu, niliweka mkono kwenye kioo, na kioo kilikuwa na joto. Mashine ilikuwa imezimwa usiku kucha. Ilikuwa sawa na kugusa tumbo la mtu aliyelala. Niliondoa mkono haraka, nikaenda kuunawa, na nikajiambia ni jua la dirishani.

Nilikuwa na video ya ruracio ya mteja wa Kahawa Wendani iliyotakiwa Jumanne, na mafuta yalikuwa yameshuka chini ya kadi. Kwa hivyo Jumapili asubuhi nilikosa kanisa, nikabeba ule mtungi wenye karatasi, nikarudi Ruiru. Mtaa ulikuwa mtupu. Watu wote walikuwa makanisani, na spika za makanisa mawili zilikuwa zikishindana kwa nyimbo. Mlango wa Guka ulikuwa wazi kidogo. Nikapiga hodi, spika zikanimeza, nikasukuma.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali ameikunja hadi mapajani, miguu ndani ya karai. Alikuwa ameshika paja lake kwa mikono miwili, vidole gumba juu, na alikuwa anajikama. Sina neno lingine. Vile unavyokama ng'ombe, anabana juu anateremsha, anabana anateremsha, na kila akiteremsha mafuta yalichuruzika kutoka kwenye ngozi. Haikuwa damu wala jasho. Yalikuwa mafuta meupe, maangavu, yakishuka kwenye muundi hadi kwenye karai. Karai lilikuwa limefika nusu, na juu yake ulielea unywele mmoja wa mguu.

Nilitoka mbio nikatapikia sukuma wiki za watu. Nilikumbuka kwamba nilitia mikono yangu mle hadi kwenye viwiko. Nilikumbuka nilivyoipenda ile harufu, na hilo lilinitapisha mara ya pili.

"Nawa mdomo kwa huo mfereji wa maji, mami, halafu uingie," aliniita kutoka ndani, kwa upole tu.

Kwa nini niliingia? Hata leo sijui. Alikuwa ameshajifunika blanketi. Aliniambia alikuwa mtu wa kiwanda, akiishi Makongeni, mwembamba wa kawaida. Siku moja alialikwa nyumbani kwa mtu akala mandazi, na tangu hapo mwili ukaanza kutoa. Hospitali walimpa tembe za jasho. Kanisani aliombewa, mchungaji akamshika kichwa, akaenda kupangusa mikono. Akiyaacha mwilini, anavimba hadi ngozi ipasuke. Akiyamwaga, anaingiwa na baridi, siku tatu halali. Akiyaweka tu kwenye mitungi, yanaoza, na yeye anaoza nayo. Alinionyesha makovu ubavuni, na tafadhali usiniulize yalivyokuwa.

"Lakini yakipata kazi mahali, mimi napumzika," alisema. "Tangu uchukue ile ya kwanza, nimelala kila siku. Nilikuwa nimesahau kulala ni nini."

Sasa nichukie. Nilichukua mtungi wa tatu. Ningependa kukuambia nilimhurumia, na ni kweli machozi yake niliyaona, lakini nilichukua kwa sababu ya video ya Jumanne. Nilirudi nyumbani, nikavaa glavu, nikamimina nusu kwenye tangi huku nimefunga macho. Nusu iliyobaki niliacha kwenye mtungi, nikausukuma chini ya meza ya jikoni. Naishi peke yangu, nilijiambia, nani ataugusa?

Jumanne nilipeleka video Kahawa Wendani. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi na nyumba nzima ilinukia chapati.

Mama yangu anaishi Gatanga na ana ufunguo wangu. Ni mjane, mtu wa kanisa hadi kwenye mifupa, msafi kunishinda mimi, na kinyaa changu nimekirithi kwake. Mimi nimeitwa jina la nyanya mzaa mama, ndiyo sababu huniita maitu, yaani mama yangu. Na mama zetu wa huku, kama unawajua, hawaji kwa mtoto kukaa. Akifika tu anavua sweta, anafagia, anafungua kila kabati, na usipokuwepo anakupikia ukute tayari.

"Haiya, umefika? Nawa mikono, maitu. Nimekuta nyumba haina hata ugali ya jana. Kwani wewe hukula nini, hizi waya?"

Nilicheka. Nilinawa mikono, nikamega kipande cha chapati nikakitia mdomoni nikiwa nimesimama. Ilikuwa laini, ya moto, na ilikuwa tamu. Ndipo nikauona ule mtungi wa manjano umesimama karibu na meko, picha ya alizeti ikinitazama.

"Mama, umetumia mafuta gani?"

"Si hii salad yako. Umenunua wapi? Ni nzuri, hata haichomi koo. Mimi nimekula nne."

Nilitema. Nilitema hapo hapo sakafuni, nikakimbilia mfereji, nikasugua ulimi kwa mswaki hadi ukatoa damu. Sikumeza. Nimejiuliza mara nyingi mno, na jibu ni kwamba sikumeza. Mama alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Nilimwambia yale mafuta ni mabaya, nikamchanganyia maji ya chumvi ajitapishe, akakataa katakata.

"Nimekula mafuta ya mbuzi tangu nizaliwe, leo nitauawa na salad? Wacha mchezo. Kula chakula."

Ningemwambia nini? Mama, umekula mtu? Nilizitupa zile chapati kwenye choo moja moja huku yeye akinipigia kelele kwamba ni dhambi. Midomo yake iling'aa alipokuwa akisema, na nilishindwa kumtazama.

Alikuwa amekuja kwa wiki moja. Siku ya tatu nilipotandika kitanda chake nilikuta umbo lake limebaki kwenye shuka, kichwa, mabega, nyonga, yote yamechorwa kwa mafuta. Nilidhani hajaona. Alikuwa ameona. Alikuwa anaamka mapema kujipangusa na kuficha taulo chini ya godoro. Jumapili alifunga kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, na kabla hatujafika mlango wa kanisa kilikuwa kimelowa, nywele zinaonekana chini yake. Nilimwona dada mmoja akimsalimia, kisha akipangusa mkono kwenye sketi polepole, kwa adabu. Mama naye alimwona. Tulirudi nyumbani kabla ya mahubiri.

Kesho yake nilikwenda Ruiru. Nilikuwa nimejiandaa kumlilia Guka, kumpigia magoti, chochote.

Nilimkuta nje, juani, amevaa shati la mikono mifupi. Sikumtambua. Alikuwa mwembamba, ngozi imemlegea kila mahali, na mikono imepauka kama ya mtu wa kuchonga mawe. Alikuwa ameshika kikopo cha jeli, anajipaka.

"Ni nani alikula?" aliniuliza.

"Mama yangu."

Alivua kofia. "Pole, mami. Pole sana. Woi, pole." Na alikuwa anamaanisha, nakuapia. Lakini mdomo wake haukutulia. Ulikuwa unacheka bila ruhusa yake, na alijaribu kuufunika kwa mkono. Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Kile kicheko kilinitia kinyaa kuliko karai.

"Ulijua!"

"Nilikukataza. Si nilikukataza?"

"Hukuniambia sababu."

"Ningekuambia, ungechukua?" Aliendelea kujipaka jeli kwenye viwiko. "Ikiliwa na mtu mwingine, inahama. Hiyo ndio iko. Mimi nimekaa nayo miaka yote hiyo nikikataa kumpatia mtu, Mungu ananiona. Lakini ikienda yenyewe, nitairudisha na nini?"

"Kwa hivyo mama yangu afanye nini? Alishe mtu mwingine?"

"Hiyo sijasema mimi. Hiyo umesema wewe."

Nilimwacha pale. Otieno aliniambia baadaye kwamba Guka alihama wiki hiyo hiyo, na kwamba alikuwa anapiga mbinja akibeba vitu.

Mama sikumwambia, bado. Nilimwambia ni ugonjwa wa ngozi, tutaona daktari. Daktari alimwandikia sabuni. Nikawa naiacha kompyuta imewashwa usiku na mchana, kwa sababu nililiona jambo: ikiwa inafanya kazi, mama anakaa vizuri, anapika chai, ananisimulia habari za Gatanga. Nikiizima, anaanza kutafuta sweta.

Halafu stima ikapotea Kiganjo, umeme ukakatika mtaa mzima. Unajua inavyopotea. Ilianza saa nne asubuhi, na mpaka saa nane mama alikuwa chini ya mablanketi yote ya nyumba, meno yanagongana, nje watu wanatembea na vesti. Miguu yake ilivimba nikiiona. Ngozi ilinyooka ikawa kama ya puto, ikang'aa, halafu kwenye kifundo ikaanza kupasuka, ufa mdogo mwekundu. Alilia kwa jina langu, jina la mama yake.

Nilileta karai. Nilikaa kwenye kigoda, nikaweka mguu wa mama yangu juu ya magoti yangu, nikaweka vidole gumba pale nilipoona Guka ameweka vyake, nikabana nikateremsha. Mafuta yalikuja. Yalikuwa ya moto, yakapita katikati ya vidole vyangu, yakaingia chini ya kucha. Harufu ilikuwa ile ile ya utosi wa mtoto. Nilitapika kando bila kuachilia mguu. Nilimkama mama yangu hadi stima iliporudi jioni, mguu huu, halafu ule, halafu mikono, na alikuwa amegeuza uso ukutani kwa aibu.

Usiku huo nilimwambia yote, kuanzia tangi mpaka kicheko cha Guka. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilingoja anipige, na ningefurahi kama angenipiga.

"Kwa hivyo mtu akikula, inanitoka," alisema.

"Ndio, mama."

"Na inamuingia huyo."

"Ndio."

Aliomba kwa Kikuyu, maneno mengi sikuyasikia. Halafu akanishika mkono kwa kile kiganja chake cha utelezi, na mimi, nihurumie, nikajizuia kuuvuta.

"Maitu, hii kitu haitatoka kwa hii nyumba kupitia mdomo ya mtoto wa mtu. Umesikia? Niapie."

Nikaapa.

Hivi ndivyo tunavyoishi sasa. Mama hakurudi Gatanga. Ibada anasikiliza kwenye redio, na kitambaa chake cheupe amekikunja amekiweka kwenye mfuko. Kila Jumamosi tunakaa na karai, namkama. Nina matangi matatu, na kila tangi lina kompyuta ndani, mbili zikiwa za mitumba, zinafanya kazi isiyo na maana yoyote, kuhesabu tu, ili mafuta yasikae bure. Tangi la nne linatengenezwa. Wateja wakiona wanasema ni maridadi, wanapiga picha. Mmoja aliweka kidole kwenye mafuta kabla sijamzuia, akakinusa, akaniuliza kwa nini ni ya moto. Nyumbani hatukaangi kitu. Tunachemsha tu, na hata nikipita karibu na kibanda cha chipo barabarani nafunga pua.

Hata hivyo haitoshi. Mwili wake unatoa kuliko ninavyoweza kuupa kazi, na stima inapotea mara mbili, mara tatu kwa mwezi. Ufa wa kwenye kifundo haujafunga. Juzi nilimsikia akimwambia Mungu kwamba amechoka kunuka.

Na sasa nikwambie kitu ambacho mama hajui. Wiki iliyopita alikuja mteja kuchukua video ya mazishi ya baba yake. Mtu mzima, mwenye madharau, hakusalimu, akakaa akaniuliza kama kwangu hakuna hata chakula, ametoka mbali. Nikasema kipo. Niliingia jikoni, nikawasha gesi, nikaweka kikaangio. Mikono yangu ilichota kutoka kwenye karai la Jumamosi vijiko viwili. Yalipopata moto yalinukia vizuri sana. Nilikuwa nimeshika yai, nimeshalipasua ganda, nikifikiria ngozi ya mama ikiwa kavu, mama akifunga kitambaa chake, akiingia kanisani na kumpa kila mtu mkono.

"Maitu," mama aliita kutoka chumbani. "Unakaanga nini?"

Nilizima gesi. Yule mtu nilimpa chai na ndizi ya kuchemsha, akaenda zake akilalamika, na hajui hata leo.

Ndiyo sababu nimeandika haya. Mama yangu alikataa, na yeye ni mtu wa kukataa hadi kaburini. Mimi niliapa kwa sababu alinishika mkono. Lakini nazijua siku ambazo usingizi humchukua mchana, na najua hawezi kuita akiwa amelala. Kwa hivyo ukija kwangu Kiganjo kuchukua video yako, ichukue uende. Usikae. Na nikikuambia ngoja kidogo nikupikie kitu cha haraka, hata uwe na njaa namna gani, sema umeshiba.